Bastola chini ya kiti cha abiria, na kijana ana hukumu ya zamani: ateteweje? (Texas, kesi ya shirikisho)

Mama Pendo

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Naomba wanaojua sheria za Marekani wanisaidie. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 26, ana grini kadi. Wiki iliyopita usiku, Fort Worth, alipewa lifti na rafiki yake, akakaa kiti cha mbele cha abiria. Polisi wakawasimamisha kwa taa ya nyuma isiyowaka. Baadaye akaletwa mbwa wa kunusa, gari likapekuliwa, ikaonekana bastola chini ya kiti alichokalia. Gari ni la rafiki. Rafiki aliachiwa usiku uleule. Kijana kashikiliwa kwa sababu mwaka 2021 alikutwa na kokeini chini ya gramu moja, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili, akakimaliza salama. Kwa hukumu ile hakulala jela hata siku moja.

Kwanza alishtakiwa na jimbo, juzi serikali ya shirikisho ikamchukua. Karatasi inasema 18 U.S.C. 922(g)(1). Alhamisi ni siku ya dhamana.

Nauliza: kama hakufungwa, mbona wanamwita mhalifu wa kosa kubwa? Bastola si yake, atajitetea vipi? Nimeambiwa pia kwamba Texas ukipita miaka mitano unaruhusiwa silaha, je ni kweli? Na hiyo grini kadi itakuwaje?

---

Bin Kombo

Pole sana, dada. Nianze na hilo la kufungwa, maana ndiyo mlango wa kesi yote.

Sheria hiyo haiulizi kama mtu alilala jela. Inauliza kosa lile lingeweza kumfunga kwa muda gani. Kiwango cha juu cha adhabu kikizidi mwaka mmoja, mtu amezuiwa kushika bunduki au risasi, hata kama jaji alimpa kifungo cha nje au faini tu. Kokeini chini ya gramu moja kwa Texas ni feloni (kosa kubwa) ya daraja la chini kabisa, siku 180 hadi miaka 2. Inaingia. Lingekuwa kosa dogo la daraja A, ambalo mwisho wake ni mwaka mmoja, lisingeingia, kwa sababu mwaka mmoja haujazidi mwaka mmoja.

Kwa hiyo msianze na bastola. Anzeni na karatasi za 2021. Nenda au mtume mtu ofisi ya District Clerk (karani wa mahakama) ya kaunti alikohukumiwa, omba nakala zenye muhuri za vitu vitatu: hukumu yenyewe, karatasi alizosaini siku ya kukiri kosa, na amri iliyotolewa alipomaliza kifungo cha nje. Usikubali ile kurasa moja ya muhtasari wa kompyuta. Muhtasari huandika "probation" tu, na neno hilo kwa Texas linabeba vitu viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza: jaji alimtia hatiani, akamhukumu, kisha akasimamisha utekelezaji wa kifungo. Hapo juu ya karatasi utasoma "Judgment of Conviction". Hiyo ni hatia, na inamzuia silaha.

Cha pili: alikiri kosa, lakini jaji hakumtia hatiani, aliahirisha uamuzi huku akimweka chini ya uangalizi. Karatasi itasema "Deferred Adjudication". Kwa sheria ya silaha, kama alimaliza salama, hiyo si hatia. Sheria ya shirikisho yenyewe, kifungu cha 921(a)(20), inasema hatia hupimwa kwa sheria ya jimbo lililoendesha kesi. Shitaka la 922(g)(1) halina miguu hapo. Lakini mtu aliye bado katikati ya uangalizi wa aina hiyo asijidanganye: mahakama za huku humhesabu kama aliye chini ya mashtaka, na kupokea silaha akiwa chini ya mashtaka ya feloni ni kosa jingine, 922(n).

Kuna na jambo la tatu watu hulipita. Kwa baadhi ya makosa, jaji wa Texas anaweza, mtu akimaliza kifungo cha nje, kufuta kabisa hatia ile na kumwondolea adhabu na vikwazo vyote vilivyotokana nayo. Mahakama ya juu ya jinai ya Texas ilisema mwaka 2002, kesi ya Cuellar, kwamba aliyefutiwa namna hiyo si mtu mwenye feloni tena, na shitaka lililokuwa mbele yao lilikuwa hilihili la kukutwa na silaha. Ndiyo maana nataka uone amri ya kumalizia. Amri ya kawaida husema tu amemaliza muda na ameachiwa. Ile yenye nguvu husema hukumu imewekwa kando na mashtaka yametupwa. Tofauti ni sentensi moja, mara nyingi katikati ya ukurasa, na pengine ni kisanduku kilichotiwa alama.

Kuhusu miaka mitano: ni kweli nusu, na nusu hiyo imewafunga wengi. Kifungu cha 46.04 cha Texas kinamruhusu mwenye feloni kuwa na silaha nyumbani anapoishi tu, baada ya miaka mitano tangu alipotoka kifungoni au kwenye uangalizi, chochote kilichochelewa. Si kwenye gari. Na sheria ya shirikisho haina miaka mitano wala hamsini. Isitoshe, kijana wako kamaliza juzi tu.

Wala msiseme "jimbo limemshtaki, basi shirikisho hawawezi". Wanaweza wote wawili kwa tukio moja. Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble, ambayo nayo ilikuwa ya mwenye feloni aliyekutwa na bastola kwenye gari.

Nyongeza kwa wasomaji wengine, maana swali hili hurudi kila mara: hatia ya Kenya, Tanzania au Kongo haihesabiwi kwenye 922(g)(1). Kesi ya Small, 2005: maneno "mahakama yoyote" yana maana ya mahakama za Marekani. Uhamiaji ni habari nyingine.

---

Nyakio

Pole mama. Wacha niongee juu ya Alhamisi, kwa sababu haitangoja.

Simu kwanza. Kila simu anayopiga kutoka mahabusu inarekodiwa, na hata ile sauti ya mwanzo inasema hivyo. Video za kutembelea na ujumbe wa tableti vilevile. Mwendesha mashtaka huziomba na huzisikiliza. Kuongea Kiswahili, Kikikuyu au Lingala hakufichi kitu. Wana wakalimani, na tafsiri itasomwa mbele ya juri ikiwa imenyooka na baridi, bila ule utani mliouongea nao. Sentensi kama "si nilikuambia usipande na huyo, ana kile kitu" inatosha kuonyesha kijana alijua bastola ilikuwepo. Akipiga, ongeeni chakula, watoto, ibada. Kesi aongee na wakili tu.

Wakili. Kama hana uwezo, ataomba wa umma siku ya kwanza mbele ya hakimu, kwa kujaza fomu ya CJA 23 inayoeleza kipato na mali. Ijazwe kwa ukweli, inajazwa kwa kiapo. Msiwadharau mawakili wa umma wa shirikisho. Kazi yao ni kesi za shirikisho peke yake, na hili la 922(g) wanalishika kila wiki. Wakili wa kulipwa anayefanya talaka na ajali za gari anaweza kuwapotezea pesa na kijana pia.

Bondi ya jimbo: msilipe mtu wa bondi kabla wakili hajaangalia hali ya shirikisho. Ada ile hairudi, na mkilipa leo anaweza kutolewa mlango huu akapokewa na maofisa wa shirikisho mlango ule.

Kwenye kikao cha dhamana, shitaka lenye silaha linampa mwendesha mashtaka haki ya kuomba azuiliwe hadi kesi iishe. Serikali inaweza kuomba kusogeza kikao hadi siku 3, utetezi hadi siku 5, wikendi na sikukuu hazihesabiwi. Hakimu anaangalia vitu viwili: je, atakimbia, na je, ni hatari kwa watu. Familia ndiyo inayojibu hayo. Leteni mtu mwenye nyumba atakayekubali kuishi naye na kuripoti akikosea. Barua ya mwajiri yenye tarehe na saa za kazi. Pasipoti yake ikabidhiwe. Na ushahidi kwamba alikuwa anaripoti vizuri kwenye kifungo cha nje, hii ina uzito mkubwa. Nyumba atakayokwenda isiwe na silaha ya mtu yeyote, hata yenye leseni, hata ndani ya sefu. Kama mjomba ana bunduki, itoke kabla ofisa wa mahakama hajaja kukagua.

Ofisa huyo atamhoji kabla ya kikao. Ajibu kuhusu makazi, kazi, familia na afya. Kuhusu bastola au usiku ule, jibu ni "wakili wangu ameniambia nisizungumzie kesi".

Lakini mama, sababu ana grini kadi: hatia ya dawa za kulevya ya 2021 inaweza yenyewe kuwapa uhamiaji sababu ya kumshika. Wakili aulize kwanza kama kuna ombi la uhamiaji la kumshikilia. Akitolewa kwa dhamana kisha uhamiaji wakamchukua, mtajikuta mnaendesha kesi mbili kutoka mahali pawili.

---

Mama Pendo

Mungu awabariki. Nimetuma mtu kwa karani leo. Hukumu ina kichwa "Judgment of Conviction by Court". Amri ya kumalizia inasema amemaliza na ameachiwa, kile kisanduku cha kuweka kando hakina alama. Kwa hiyo hapo tumekwama?

---

Bin Kombo

Mlango huo umefungwa, dada, lakini umejua mapema, na hilo lina faida. Serikali inatakiwa kuthibitisha mambo manne bila shaka ya kuridhisha: kwamba alikuwa na hatia ya aina hiyo, kwamba alijua ana hatia ya aina hiyo, kwamba alikuwa na silaha na alijua anayo, na kwamba silaha imewahi kuvuka mpaka wa jimbo au nchi.

La pili lilitokana na kesi ya Rehaif, 2019. Watu hulishangilia kupita kiasi. Serikali haitakiwi kuthibitisha kwamba alijua sheria inamkataza silaha. Inatakiwa kuonyesha alijua kosa lake lingeweza kumpa zaidi ya mwaka. Hapa ndipo zile karatasi za kukiri kosa zinapoamua. Kama ziko herufi zake za mwanzo pembeni ya mstari unaosema "siku 180 hadi miaka 2", hoja imekwisha. Kama hakuwa na mkalimani, karatasi hazikusomwa, na wakili wa wakati ule alimwambia "hili ni dogo", wakili wa sasa atakuwa na kitu cha kushika. Tafuta nakala hizo leoleo.

Hata kama hoja hiyo ni dhaifu, wakili aombe makubaliano ya maandishi kama ilivyoruhusiwa kwenye kesi ya Old Chief, 1997. Utetezi unakubali kwamba kuna hatia ya nyuma, na juri haiambiwi ilikuwa ya nini. Neno kokeini likiingia chumbani, watu 12 wataanza kumwona mwuza unga mwenye bastola. Lisiingie.

La nne, la kuvuka mpaka, serikali hulimaliza kwa mtaalamu wa ATF (idara ya shirikisho ya silaha) anayesoma maandishi ya bastola na kusema imetengenezwa nje ya Texas. Tangu kesi ya Scarborough ya 1977 inatosha kwamba iliwahi kuvuka, hata miaka mingi nyuma. Angalieni tu kama imetengenezwa Texas kwenyewe, kisha msipoteze muda.

Kuna hoja ya Katiba pia, iliyopata nguvu tangu uamuzi wa Bruen mwaka 2022: je, mtu asiye na historia ya ukatili anaweza kunyang'anywa haki ya silaha maisha yake yote? Mahakama za rufaa za shirikisho, kila moja na eneo lake liitwalo Mzunguko, hazikubaliani. Ya Mzunguko wa Tatu ilimpa ushindi mtu mmoja, Range, aliyekuwa na kosa la zamani la kudanganya kwenye fomu ya msaada wa chakula. Ya Mzunguko wa Tano, inayotawala Texas, ilisema mwaka 2024 katika Diaz kwamba sheria kwa ujumla inasimama, na kila mtu apimwe kwa makosa yake ya nyuma. Kijana wako ana kosa moja la kukutwa na kiasi kidogo. Ombi la kutupilia mbali mashtaka kwa hoja hiyo liwasilishwe kabla ya kesi kuanza. Msilitegemee kumtoa, lakini lisipowasilishwa mapema huenda rufaa ikakataa kulisikiliza.

---

Fundi wa Hoja

Kesi hii itashindwa au kushinda kwenye mambo mawili: video ya usiku ule, na kile kiti.

Video. Yeye ni abiria, gari si lake. Kwa kawaida abiria hana haki ya kulalamikia upekuzi wa gari la mwenzake. Wakili mvivu ataishia hapo. Lakini abiria ana haki ya kulalamikia kusimamishwa kwenyewe, Brendlin, 2007, na kuzuiliwa kupita kiasi. Kesi ya kukumbuka ni Rodriguez, 2015: polisi aliyesimamisha gari kwa kosa la barabarani hawezi kurefusha muda ili kumngojea mbwa, akiwa hana sababu ya msingi ya kushuku kosa jingine. Shughuli ya taa ikiisha, au ilipopaswa kuisha, watu waende.

Kwa hiyo wakili akae na video na kalamu. Tuseme saa ya kamera inasoma 23:12 gari linasimama. 23:15 leseni zimechukuliwa. 23:21 majina yote yamerudi safi redioni na onyo limeandikwa. Mbwa anafika 23:34. Hizo dakika 13 ndizo kesi. Afisa atalazimika kueleza aliona nini kabla ya 23:21, na "walionekana wana wasiwasi" peke yake ni hoja nyembamba. Kama mbwa alifika wakati afisa bado anaandika onyo kwa mwendo wa kawaida, hoja inakufa. Angalieni pia afisa aliyeacha kuandika akaanza kuuliza mnatoka wapi, mnamjua nani. Dakika hizo zinahesabiwa. Na kama mwenye gari alikubali lipekuliwe, sikilizeni alikubali saa ngapi na kwa maneno gani.

Ziombwe zote, si moja: kamera ya gari, ya kifuani ya kila afisa aliyefika, kumbukumbu za redio, na kumbukumbu za mafunzo ya mbwa. Kwa Texas video za kifuani lazima zitunzwe angalau siku 90. Msingoje utaratibu wa kubadilishana ushahidi. Wakili aandike barua ya kutaka zihifadhiwe wiki hii. Kama kuna kamera za duka au kituo cha mafuta karibu, zenyewe hujifuta mapema zaidi, mtu aende kesho.

Video ikionyesha walizuiliwa kupita kiasi, wakili ataomba bastola isitumike kama ushahidi. Kijana anaweza kutoa ushahidi kwenye kikao hicho cha kuzuia ushahidi bila maneno hayo kutumiwa kumtia hatiani baadaye. Ulinzi huo umekuwepo tangu kesi ya Simmons, 1968. Ila akijigeuza maneno siku ya kesi, wanaweza kujaribu kumbana nayo. Wakili apime.

Sasa kiti. Sheria haiulizi bastola ni ya nani. Inauliza nani alikuwa nayo mkononi, au nani alijua ipo na alikuwa na uwezo na nia ya kuitawala. Watu wawili wanaweza kuwa nayo kwa pamoja. Ndiyo maana "si yangu" haitoshi, na ndiyo maana kukaa karibu nayo pia hakutoshi. Pakiwa na watu zaidi ya mmoja, mahakama za Mzunguko wa Tano hutaka ushahidi kwamba mshtakiwa alijua na aliweza kuifikia. Kufikia ameweza, iko chini yake. Vita ni juu ya kujua.

Maswali ya kupigania ni madogo, lakini ndiyo yanayohukumu. Bastola ilionekana ukiwa umekaa, au mpaka kiti kisukumwe nyuma? Mdomo wake ulielekea mbele au nyuma? Mtu aliyekaa akiisukuma kwa mkono, mara nyingi mpini hubaki upande wake. Ikiwa mpini umeelekea kiti cha nyuma, aliyeiweka huenda alikuwa nyuma. Kuna reli au waya wa kiti unaozuia mkono kupita kutoka mbele? Wakili apige picha za gari lilelile, kiti kikiwa mahali kilipokuwa, kabla rafiki hajaliuza. Ni nini kilikuwa pembeni ya bastola: risiti yenye jina, chaja, kofia? Ya nani? Kijana alikuwa ndani ya gari kwa muda gani? Na kama ripoti inasema "aliinama kuelekea sakafuni", itazameni video kwa jicho la kamera, fremu moja moja. Sentensi hiyo hupatikana kwenye ripoti nyingi kuliko inavyopatikana kwenye video.

Alama za vidole kwenye bastola hazipatikani mara nyingi. Mpini una mikwaruzo na chuma kina mafuta. Kutopatikana hakumwokoi peke yake, ila wakili aulize kama walijaribu kweli. Vinasaba ni hatari zaidi. Maabara itasema "mchanganyiko wa watu watatu au zaidi" na kutoa namba kubwa ya uwezekano. Msikubali kurasa mbili za matokeo, ombeni faili zima la maabara pamoja na picha za jinsi sampuli ilivyochukuliwa. Afisa aliyempekua kijana kisha akaishika bastola kwa glavu zilezile amehamisha vinasaba kwa mkono wake, na hilo linaonekana kwenye video.

Jambo la mwisho, wengi hulikosa hadi siku ya hukumu: magazini. Ulizeni inabeba risasi ngapi, si ilikuwa na ngapi. Magazini nyingi za bastola zina matundu madogo mgongoni yenye namba. Hesabu ya mwisho ndiyo uwezo wake. Ikizidi 15, mwongozo wa adhabu unaruka. Nyakio atakupa hesabu.

---

Nyakio

Hesabu ni hii. Adhabu ya juu kisheria ni miaka 15, tangu Juni 2022. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Msife moyo kwa namba hiyo. Kifungo cha lazima kuanzia miaka 15 ni kwa mwenye hatia tatu za ukatili au biashara kubwa ya dawa zilizotendwa nyakati tofauti. Yeye ana moja, tena ya kukutwa nayo tu.

Majaji hutumia mwongozo, kifungu cha 2K2.1, ambao si amri lakini una nguvu. Yeye anaanza ngazi ya 14. Kifungo cha nje cha zamani ni pointi moja ya rekodi, anabaki kundi la I, la rekodi ndogo kabisa. Akikiri anapunguziwa ngazi 2, anafika 12: miezi 10 hadi 16. Akienda kwenye kesi akashindwa, anabaki 14: miezi 15 hadi 21. Bastola ikiwa ya wizi huongezwa ngazi 2, hata kama hakujua ni ya wizi. Namba yake ikiwa imekwanguliwa, 4. Ikiwa bastola inayojipakia na magazini yake inabeba zaidi ya 15, anaanza 20 badala ya 14. Akikiri kutoka ngazi ya juu hivyo anapunguziwa 3, anafika 17, miezi 24 hadi 30. Ndiyo maana Fundi ametaja yale matundu.

Kwa raia, tofauti ya miezi mitano kati ya kukiri na kupigana ingewafanya wengi wakiri. Kwa huyu hapana, sio hivyo. Hatia ya 922(g)(1) kwa sheria ya uhamiaji iko kwenye orodha ya makosa mazito kupita yote, hata akipewa siku moja. Inafunga mlango wa msamaha ambao mwenye grini kadi angeomba kwa jaji wa uhamiaji, inafunga hifadhi ya ukimbizi, na inaziba njia ya uraia. Kinachobaki ni kinga finyu kwa anayeogopa kuteswa au kuuawa akirudishwa. Kurudisha kesi jimboni na kukiri 46.04 hakumwokoi, kwa sababu hatia ya jimbo yenye vigezo vilevile huhesabiwa vilevile.

Tangu kesi ya Padilla, 2010, wakili wa jinai anatakiwa kumweleza mteja wake hatari ya kurudishwa kwao. Basi mwambie wakili siku ya kwanza, kwa maandishi: ana grini kadi, ana hatia ya dawa ya 2021, tunaomba mtaalamu wa uhamiaji aangalie kila ofa kabla ya jibu. Ofisi za mawakili wa umma huwa na njia ya kumpata. Na kile nilichosikia watu wakisema, kwamba hukumu iliyoahirishwa ya Texas si hatia: kwa silaha ni kweli, kwa uhamiaji ni hatia kamili.

Kama ombi la kuzuia ushahidi, kwa hoja ya video na mbwa, likikataliwa na jaji, bado kuna njia ya kukiri huku akihifadhi haki ya kukata rufaa juu ya ombi hilo. Lazima iandikwe kwenye makubaliano na mwendesha mashtaka akubali. Akikiri kavu, hoja ya mbwa imekufa. Na baada ya hukumu ana siku 14 tu za kutoa taarifa ya rufaa.

---

Mama Pendo

Nimeandika yote. Rafiki yake amenipigia sasa hivi analia. Anasema bastola ni yake, aliinunua dukani, hana rekodi yoyote, na yuko tayari kuja mahakamani kusema. Nimwambie nini?

---

Fundi wa Hoja

Usimwambie aseme nini, hata kwa nia njema. Kumwelekeza shahidi kunaweza kugeuzwa kuwa kosa la kuharibu ushahidi, na hilo peke yake lina hadi miaka 20. Mpe namba ya wakili wa kijana, basi. Msitumiane ujumbe juu ya bastola, na kijana asimpigie kutoka mahabusu.

Wakili atamtuma mpelelezi wake achukue maelezo, ili asigeuke yeye mwenyewe kuwa shahidi. Anachokitafuta ni karatasi: risiti ya duka na namba ya bastola. ATF wanaweza kufuatilia namba hiyo hadi kwa mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo ama maneno yake yatathibitishwa, ama yatabomoka, na ni afadhali mjue sasa. Risiti inasema ni mali yake. Swali la juri litakuwa jingine: je, alimwambia kijana ipo? Aliiweka lini chini ya kiti kile, na nani alipanda gari katikati? Hayo ayaeleze kwa maneno yake.

Akiwa ni mnunuzi halali asiye na kizuizi, kusema "ni yangu" si kukiri kosa, ila bado anahitaji wakili wake mwenyewe, tofauti na wa kijana, kwa sababu kumkabidhi silaha mtu unayejua ana feloni nako ni kosa. Wakili huyo anaweza kumwambia anyamaze. Akinyamaza, maelezo aliyompa mpelelezi yanaweza kukubaliwa mahakamani iwapo yalimweka yeye hatarini na kuna kitu kingine kinachoyaunga mkono. Risiti ndiyo hicho kitu kingine. Mwambie wakili kwamba risiti ipo, naye aiombe kwa rafiki au dukani kwa njia ya mahakama. Wewe usiichukue wala usiitunze nyumbani kwako.